Nyeri: Vijiji Viwili vya Mwingereza

Sisi watu wa mwambao tukitajiwa Nyeri, la kwanza kutujia ni baridi. Nami nilipopanda huko hivi karibuni nilivaa koti juu ya kanzu, na bado alfajiri, nikienda msikitini, meno yaligongana. Lakini, msomaji mwenzangu, sikukuletea habari za baridi. Nimekuja na habari za nyumba.

Nyeri ilianza kwa boma la askari mwaka 1902, baada ya Meinertzhagen na jeshi lake la K.A.R. kupigana na Wakikuyu. Kisha wakaja walowezi, nao, kama kila mgeni akaaye mbali na kwao, wakatamani kwao. Wakajenga kanisa la mawe, klabu na uwanja wa gofu, wakapanda mawaridi. Mwaka 1928 ikafunguliwa hoteli ya Outspan. Katika kiwanja chake, mwaka 1938, alijengewa kijumba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mzee huyo alikuwa ametoka kijiji cha Bentley, kusini mwa Uingereza, ambako nyumba yake iliitwa Pax Hill. Hii ya Nyeri akaiita Paxtu, akicheza na maneno, yaani Pax ya pili.

Alifariki humo tarehe 8 Januari 1941, akazikwa makaburi ya Mtakatifu Petro, hapo hapo mjini. Baadaye Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa Bara Hindi, aliishi katika kijumba hicho hicho. Naye alifariki Nyeri mwaka 1955 na kuzikwa makaburi yale yale. Leo Paxtu ni makumbusho ya skauti, na kaburi la Baden-Powell ni kumbukumbu ya taifa. Nilisimama pale kwa adabu. Sisi tumefunzwa kuheshimu makaburi, awe nani aliyelala.

Hicho ni kijiji cha kwanza. Cha pili hakimo katika vitabu vya watalii.

Wakikuyu wa zamani hawakuwa watu wa vijiji. Kila jamaa walikaa peke yao juu ya mgongo wa kilima chao: mume na thingira yake, kila mke na nyumba yake ya mviringo iliyoezekwa nyasi, mafiga matatu katikati na mbuzi ndani. Mila iliagiza nyumba ijengwe na kuhamiwa siku hiyo hiyo.

Mwaka 1954, ili kuwakatia chakula wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, serikali ya kikoloni iliamuru watu wahamishwe kwa nguvu. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, watu zaidi ya milioni moja walikusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zilizoachwa zikachomwa moto. Vijiji vingi vilizungushiwa handaki lililochomekwa vijiti vilivyochongwa, askari juu ya mnara, na saa za kutoka na kuingia zikawa za amri.

Mwenyeji wangu wa Majengo alinipeleka katika kimojawapo cha vijiji hivyo. Ndiyo, bado vipo! Hali ya hatari ilipomalizika mwaka 1960, wenye ardhi walirudi kwenye mashamba yao. Wasiokuwa na ardhi walibaki pale pale, na watoto na wajukuu wao wapo hadi leo.

Tulikaribishwa na bibi mmoja aliyeingizwa humo akiwa mtoto, amebebwa mgongoni. Alitupa chai ya maziwa, nzito, ya moto. Nyasi za mapaa zimekwisha zamani, sasa ni mabati. Handaki limefukiwa, na juu yake pamepandwa sukumawiki. Pana umeme, na vijana wa boda boda wamejipanga pale ulipokuwa mlango wa kijiji.

Nikamwuliza, "Mama, mbona nyumba ni ya mbao, na mawe huku kwenu ni tele?"

Akacheka kidogo. "Baba, mbao naweza kuzing'oa nikaenda nazo. Mawe nitayabebaje? Hapa sina hati."

Neno hilo lilinishika. Wakazi wengi wa vijiji vya namna hii wamekaa miaka kwa miaka wakingoja hati za viwanja vidogo walivyowekwa na mkoloni. Kijumba cha mgeni aliyeishi Nyeri miaka michache kimehifadhiwa. Nyumba ya bibi huyu, mwenye zaidi ya miaka sabini kijijini, haina hata karatasi.

Wala tusiwacheke watu wa bara. Mji wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na milango ya kuchonga tunaisifu. Lakini ni nyumba ngapi za wazee wetu zimeuzwa, mlango ukabaki na wenyewe wakahama? Kuhifadhi ukuta ni jambo jema. Kumhifadhi aliye ndani ya ukuta ni wajibu.

Napendekeza mambo mawili kwa wanaohusika. Kwanza, bibi yule na wenzake wapewe hati zao wangali hai. Pili, penye handaki lililofukiwa pawekwe jiwe moja lenye maandishi, ili mtalii atokaye Paxtu apite na huku.

Tulipoagana alinifungia viazi katika gazeti. Nimevila Mombasa, na bado vilikuwa na udongo mwekundu wa Nyeri.