Kifuta Jasho: Malipo kwa Mkulima Aliyeliwa Shamba na Tembo

Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa ambaye shamba lake limeliwa na tembo anaweza kulipwa na Serikali ya Tanzania kifuta jasho. Msingi wa malipo hayo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na viwango viliwekwa na kanuni za mwaka 2011. Kisheria si fidia, bali ni mkono wa pole. Mkulima hawezi kudai thamani yote ya mazao aliyopoteza.

Ujangili uliwapunguza tembo wa Pori la Akiba la Selous kutoka zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970 hadi takriban 13,000 mwaka 2013. Ulipodhibitiwa, tembo walianza kuonekana tena kwenye mapito yao ya zamani, yakiwemo ya kuelekea Niassa, Msumbiji. Leo mapito hayo yana vijiji, mihogo, mahindi, mbaazi na mikorosho. Tembo hupenda mabibo, na huvunja matawi wakiyafuata. Mkorosho ukiangushwa, mche wa kuziba pengo lake huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa.

Kanuni za 2011 zilipima ekari zilizoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba lililokuwa ndani ya mita 500 halikulipwa kitu. Kutoka hapo hadi kilometa 1 ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari, na kiwango kilipanda hadi shilingi 100,000 kwa shamba lililokuwa mbali zaidi ya kilometa 5. Ekari zilizolipwa hazikuzidi 5, hata kama ziliharibiwa 10. Kwa hiyo hakuna aliyepata zaidi ya shilingi 500,000. Familia ya aliyeuawa na tembo ilipewa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000.

Hapa ndipo mkulima wa korosho alipoumia. Katika minada ya Oktoba 2024 kilo moja ilivuka shilingi 4,000. Shilingi 100,000 ni thamani ya kilo 25 tu, mavuno ya miti miwili au mitatu iliyopuliziwa dawa na kupaliwa vizuri, wakati ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 ina miti ipatayo 28. Kiwango kisichotofautisha mahindi ya msimu mmoja na mti wa miaka ishirini si cha haki.

Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2013, hutamka fidia waziwazi, na kifo hulipiwa shilingi milioni 5 za Kenya, ingawa wengi huko husubiri malipo kwa miaka.

Nyani na nguruwe pori, waharibifu wa kila msimu, hawalipiwi. Mafuriko na ukame navyo haviingii kwenye kifuta jasho, bali viko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ambayo msaada wake hupitia kamati za maafa kuanzia kijijini, mara nyingi kwa njia ya chakula.

Dai huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Afisa wanyamapori na afisa ugani hufika kupima, fomu hupita halmashauri na kufika Wizara ya Maliasili na Utalii. Mkulima atoe taarifa siku ileile, kabla nyayo hazijafutika, asiondoe mabaki ya mazao mpaka wapimaji wafike, na jina lake kwenye fomu lilingane na la akaunti yake ya benki.