Maji ndani ya kompresa ya meno, hata Kizota

Mwenye kliniki ya meno Kizota, Dodoma, akishauriwa anunue kikaushio cha hewa ya kompresa, jibu lake si gumu kulikisia: hapa si Tanga. Mvua za Dodoma kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka, nazo huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo, vumbi na midomo iliyopasuka. Unyevu utoke wapi? Hoja inaingia akilini, ila fizikia haikubaliani nayo. Kompresa haisubiri mvua. Maji yake inayakamua kutoka katika hewa ileile tunayoiita kavu.

Kiasi cha mvuke kinachoweza kukaa mahali hutegemea joto na ukubwa wa nafasi, na presha haikiongezi. Mita moja ya ujazo kwenye nyuzi joto 28 haishiki zaidi ya gramu 27 za mvuke. Zikizidi hapo, ziada hugeuka maji. Sasa chukua alasiri ya Septemba, nyuzi 28, unyevu asilimia 40. Kila mita ya ujazo ya hewa ya Kizota ina gramu 11 hivi za mvuke. Kompresa nayo inatakiwa kujaza tangi hadi baa 7. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ili kufika baa 7 karibu mita 9 za ujazo za hewa ya nje lazima zishindiliwe katika nafasi ya mita moja. Mvuke nao unashindiliwa humohumo: 11 mara 9, gramu 99. Tangi likipoa hadi nyuzi 28, gramu 27 hubaki mvuke. Zinazozidi, gramu 70 na ushee, ni maji yaliyotuama chini ya tangi.

Geuza hesabu hiyo na utapata jambo la kushangaza zaidi. Ili kompresa ya baa 7 isitoe maji hata tone, hewa inayovutwa Kizota ingepaswa kuwa na unyevu wa chini ya asilimia 11 au 12. Hali ya hewa ya namna hiyo ni ya jangwani, na hata Oktoba ya Dodoma kwa kawaida haifiki huko.

Kwa kliniki ya kiti kimoja, yenye kompresa inayovuta lita 60 kwa dakika na kunguruma jumla ya saa 4 kwa siku, hesabu ya kiangazi inatoa gramu 110 hivi za maji, karibu nusu glasi. Kwa wiki ya siku 6 ni zaidi ya nusu lita. Januari mvua zikikolea, tuseme nyuzi 24 na unyevu asilimia 75, kiasi cha siku moja hupanda hadi gramu 200. Mashine ileile ikipelekwa Kariakoo au Mji Mkongwe, kwenye nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, itatoa karibu gramu 300. Kwa hiyo mwenzetu wa Kizota ana haki kidogo: mzigo wake wa kiangazi ni kama theluthi ya ule wa pwani. Lakini theluthi ya tatizo lisilotazamwa humla mtu kuliko tatizo zima linalotazamwa. Wa pwani anafungua koki ya tangi kila jioni kwa kuwa maji anayaona. Wa Dodoma anaweza kumaliza miezi bila kuigusa.

Mtu aliyesoma sayansi kidato cha pili anaweza kupinga: hewa ikitoka tangini na kutanuka, si inakauka? Kweli kabisa. Hewa iliyoshiba mvuke kwa baa 7, ikishushwa hadi presha ya kawaida bila joto kubadilika, unyevu wake huanguka hadi asilimia 11 hivi. Mvuke wenyewe, basi, si adui mkubwa. Adui ni matone, na matone huzaliwa mahali ambapo wajenzi wa kliniki zetu hawapafikirii: ndani ya bomba, kati ya kibanda cha kompresa na kiti cha mgonjwa.

Kompresa ina kelele, hivyo hutolewa nje na kujengewa kibanda cha mabati nyuma ya jengo. Saa nane mchana kibanda hicho hufika nyuzi 40. Kwenye joto hilo kila mita ya ujazo ya hewa iliyoshindiliwa hubeba gramu 51 za mvuke, na tangi hukusanya maji machache. Fundi akifungua koki anaona kidogo, anaridhika. Kisha hewa hiyo moto inapita ukutani na kuingia chumba cha daktari chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, ambako uwezo wake wa kubeba ni gramu 19 tu. Gramu zaidi ya 30 huangukia kwenye bomba lenyewe, baada ya tangi na, mara nyingi, baada ya chujio. Ndiyo maana kliniki yenye kiyoyozi kizuri inaweza kuwa na hewa chafu kuliko ile ya dirisha lililo wazi.

Usiku nao una kazi yake. Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 kabla ya alfajiri. Tangi lililoachwa limejaa hewa jioni hupoa, na mvuke uliokuwa umetulia hugeuka maji wakati watu wamelala. Dawa haina gharama: jioni zima mtambo, fungua koki ya chini, toa maji na hewa yote, na uiache koki wazi hadi asubuhi. Nasisitiza kuiacha wazi, kwa sababu wengi hufungua, husikia mlio wa hewa, kisha hufunga upesi kana kwamba wameokoa umeme.

Madhara ya kutojali huanzia kwenye drili. Kichwa chake kina turbaini ndogo inayosukumwa na hewa na kuzunguka mara 300,000 hadi 400,000 kwa dakika, juu ya beringi ndogo mno. Maji huosha mafuta ya beringi hizo na kuleta kutu. Drili iliyopaswa kudumu inaanza kulia, inatetemeka, inakufa, na lawama humwangukia aliyeiuza. Tangi la chuma lisilopakwa rangi ya kinga ndani huoza polepole, na unga wa kutu husafiri hadi kinywani. Mahali penye maji, giza na uvuguvugu, bakteria na ukungu hawahitaji mwaliko.

Kwa mgonjwa, jambo zito zaidi ni kuziba jino. Zamani karibu kila tundu lilizibwa kwa amalgamu, ile ya rangi ya fedha yenye zebaki, ambayo hushikwa na umbo la tundu na huvumilia mate kidogo. Tangu Mkataba wa Minamata wa 2013 wa kudhibiti zebaki, dunia imekuwa ikiiacha. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku, isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu, kuanzia Januari 2025. Nafasi yake inachukuliwa na kompoziti, plastiki ngumu ya rangi ya jino. Hii hushikilia kwa kuganda na jino lenyewe, kwa njia ambayo msingi wake uliwekwa na Mmarekani Michael Buonocore mwaka 1955: uso wa jino hupakwa asidi ya fosforasi, huoshwa, hukaushwa kwa hewa, kisha gundi hupenya kwenye vinyweleo vilivyofunguliwa na asidi. Daktari anapopuliza hewa ili kukausha, bomba likitema matone yenye kutu au mafuta, anaharibu kazi aliyoimaliza sekunde chache kabla. Kizibo kinaweza kupendeza siku hiyo, kisha kikang'oka au kuingiza uozo pembeni baada ya miezi.

Kanda ya kati ina sababu ya ziada ya kulijali hili. Maji ya visima ya sehemu kadhaa za Tanzania, Singida jirani yetu ikiwemo, yana floraidi zaidi ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Waliokunywa maji hayo wakiwa watoto hubaki na meno yenye madoa ya kahawia, na wengi wao, wakifika umri wa kutafuta kazi au mchumba, hutaka meno ya mbele yafunikwe kwa kompoziti. Enameli iliyokomazwa na floraidi ni ngumu kulainishwa na asidi, kwa hiyo gundi huishika kwa shida hata mazingira yakiwa mazuri. Ongeza hewa yenye matone hapo, na fedha za mgonjwa zimemwagika.

Unyevu usioonekana si habari ngeni Kizota. Kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, mahindi hayapokelewi kwa kuyatazama tu. Hupimwa, na yakizidi asilimia 13.5 mwenyewe anaambiwa akayaanike. Hewa ya meno pia ina kipimo chake, kinachoitwa kiwango cha umande: joto ambalo hewa iliyoshindiliwa ikilifikia huanza kutoa maji. Viwango vya kimataifa vya ISO 8573-1 huipanga hewa kwa madaraja. Hewa ya daraja la 4 haitoi maji hadi ipoe kufikia nyuzi 3. Ya daraja la 3, hadi nyuzi 20 chini ya sifuri.

Vikaushio ni vya aina mbili kuu sokoni. Kuna cha kupoza, kinachofanya kazi ya jokofu: hupoza hewa hadi nyuzi 3 hivi, hukusanya maji na kuyatupa. Ni kizuri, lakini hula umeme na hushindwa kikizungukwa na joto la kibanda cha mabati, yaani hushindwa hasa pale tunapopenda kukiweka. Cha pili hupitisha hewa katikati ya chembe za kunyonya unyevu, kama silika jeli ya vile vipakiti vya ndani ya boksi la viatu, na kinaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi. Hiki hutumia sehemu ya hewa yake kavu kujikausha upya, na chembe zake huharibiwa haraka na mafuta. Kwa Dodoma ningechagua hiki cha pili, pamoja na kompresa isiyotumia mafuta. Kompresa ya gereji, ile ya kupulizia rangi ya magari, ina bei ya kuvutia na ndiyo maana inaonekana kwenye kliniki. Ila ukungu wa mafuta yake ukichanganyika na maji huwa majimaji meupe ambayo chujio la kawaida haliyamalizi.

Kupima ubora wa hewa kliniki hakuhitaji maabara. Puliza hewa ya kiti kwenye kioo cha kinywani kilicho safi na kikavu kwa muda, halafu kwenye karatasi nyeupe. Ukungu au matone kiooni ni maji. Doa linalokataa kukauka kwenye karatasi ni mafuta.

Na kliniki isiyoweza kununua haya yote? Jibu moja lilizaliwa hapahapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza na wenzake njia ya kuziba meno bila umeme wala drili: uozo huondolewa kwa vifaa vya mkono, tundu hujazwa saruji ya glasi-ayonoma, ambayo huvumilia unyevu kuliko kompoziti na hutoa floraidi. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa matundu madogo, hasa ya watoto, naona ni uamuzi wa kitaalamu kabisa kuitumia siku ambayo kompresa inatema maji, kuliko kulazimisha kompoziti kwa sababu mgonjwa ameshaiona kwenye simu.

Kwa anayenunua mtambo mpya, kuna swali moja ambalo muuzaji wa Dar es Salaam huenda halijui: lita zilizoandikwa kwenye kibandiko zimepimwa wapi? Mara nyingi ni usawa wa bahari. Presha ya hewa ya Dodoma ni kama asilimia 88 ya ile ya pwani, kwa hiyo mtambo wa lita 60 ukiletwa Kizota hutoa kama wa lita 53, au pungufu zaidi kikaushio kikichukua hewa yake. Mtambo mdogo hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto, na hewa moto hupita na mvuke wake hadi bombani. Kiti kimoja kinunuliwe mtambo wenye akiba, uwekwe kivulini penye mzunguko wa hewa, na chujio la kuvutia hewa likung'utwe au kubadilishwa mara kwa mara kuanzia Julai, vumbi linapoanza.