Picha ya Somanga Iko Oregon

Tangu 2004, gesi ya Songo Songo hupita chini ya bahari kilomita 25 hivi, ikaibukia nchi kavu Somanga Fungu, kisha ikafuata bomba kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam. Anayewasha taa Kariakoo hana haja ya kujua kwamba Somanga ipo. Anayelinda bomba, yeye hana budi kujua linapita wapi.

“Wingu” la kompyuta nalo ni vivyo hivyo. Jina lake ladanganya: hakuna kinachoelea angani. Yapo majengo, umeme, nyaya na makufuli. Hata picha za Somanga zimo humo.

Kila baada ya siku tano hivi, satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu ya pwani ya Kilwa, kilomita 786 kutoka ardhini, zikiipiga picha. Katika picha zilizo kali zaidi, nukta moja ni mraba wa meta 10: ngalawa haionekani, lakini mikoko na midomo ya mito huonekana wazi. Nakala mojawapo ya picha hizo huhifadhiwa Oregon, Marekani, katika kasha liitwalo sentinel-cogs, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuichukua.

Hilo ni kasha la namna gani? Katika kompyuta ya nyumbani, faili hukaa ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine. Katika hifadhi hii folda hazipo. Huduma ya S3 ya Amazon, iliyofunguliwa Machi 14, 2006, huliita kasha lake ndoo. Microsoft huliita kontena. Ndani yake mna vifurushi tu, kila kimoja na vitu vitatu: yaliyomo, jina, na kibandiko cha maelezo. Jina la picha ya Somanga huanza hivi: sentinel-s2-l2a-cogs/37/L. Namba 37 ni ukanda wa ramani ulio kati ya nyuzi 36 na 42 mashariki. L ni kati ya nyuzi 8 na 16 kusini. Mikwaju ile (/) yafanana na folda, kumbe ni herufi tu za jina refu. Mfumo haupandi ngazi za folda: hutafuta jina, basi. Ndiyo maana kasha moja hubeba mabilioni ya vifurushi bila kuelemewa.

Kufungua kasha lako huchukua dakika chache, nawe huulizwa mambo matatu.

Kwanza, jina. Katika S3 ni herufi ndogo, tarakimu, nukta au vistari, kuanzia 3 hadi 63, na kwa kawaida lisiwe na mwenye nalo popote duniani. Halibadilishwi baadaye.

Pili, mahali: Cape Town, Frankfurt, Oregon au kwingineko. Hapa pia hakuna kurudi nyuma. Ukitaka kuhama, unafungua kasha jipya na kunakili mzigo wote. Katika hifadhi yake ya kawaida, Amazon huweka data katika angalau kanda tatu zilizotengana ndani ya eneo ulilochagua, ili ajali ya jengo moja isiupoteze mzigo.

Tatu, ufunguo. Makasha yaliyoachwa wazi kwa kusahau yamemwaga siri nyingi, na tangu Aprili 2023 kasha jipya la S3 huzaliwa limefungwa kwa umma. Picha ya pwani inaweza kuachwa wazi. Daftari la majina na simu za wauza samaki, hapana: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti hata ya kuzipeleka taarifa hizo nje ya Tanzania. Washa pia utunzaji wa matoleo ya zamani, kwani nakala nyingi hazimwokoi aliyefuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kati ya hayo matatu, watu hulipita haraka swali la mahali. Mei 2024 ililijibu kwa ukali. Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga. Tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zote zinazotia nanga Dar es Salaam, zikakatika mbali kusini, na intaneti ikazorota nchini. Makasha ya ng’ambo hayakupoteza kitu. Njia ya kuyafikia ndiyo iliyoziba.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, uliza ghala liko wapi na njia yake yapita wapi. Halafu weka nakala ya yale usiyoweza kuyakosa kwenye diski iliyo karibu nawe. Barabara ilipokatika Somanga, wa kutegemewa ulikuwa ule unga uliokwisha kuvushwa.