Je, Wajua? Picha ya Tumbo Ina Wiki Zake

Agosti 1991 jarida la Vanity Fair la Marekani lilimweka jaladani mwigizaji Demi Moore, mjamzito wa miezi saba, bila nguo. Mpiga picha alikuwa Annie Leibovitz. Baadhi ya maduka yaliliuza likiwa limefunikwa kwa karatasi, utadhani mimba ni siri!

Kwa picha kama hiyo, wapiga picha wengi hupendelea wiki ya 28 hadi ya 34 ya mimba: tumbo limeshajichora, na mama bado ana nguvu za kusimama. Wa mapacha awahi zaidi. Siku ya kupigwa picha shinda na dera tu, maana alama za lastiki za soksi au sketi hubaki kwenye ngozi kwa muda.

Ukitaka jua juu ya mawimbi pale Coco Beach, Dar es Salaam, damka: huchomoza baharini mnamo saa kumi na mbili asubuhi, jioni huzama upande wa nchi kavu. Na ukiambiwa ulale chali muda mrefu, kataa. Mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ukashikwa na kizunguzungu. Lala ubavu, hata tumbo huonekana vizuri zaidi.