Furaha ya Maskini si Kasumba

Methali moja tunayowafundisha wanafunzi wetu tangu shule ya msingi husema: baada ya dhiki, faraja. Aghalabu mwalimu huieleza kwa haraka, akaendelea na nyingine, kana kwamba haina utata wowote. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuyapekua maneno, nimeshindwa kuipita hivi hivi. Imekuwa ikinirudia akilini tangu Jumapili moja ya mwaka wa 2024, baada ya mafuriko yaliyozoa nyumba za watu kandokando ya Mto Mathare jijini Nairobi.

Siku hiyo nilikuwa nimealikwa na mwanafunzi wangu katika kanisa dogo la mabati mtaani Mathare. Matope yalikuwa hayajakauka sakafuni, na kwa kuwa viti vilikuwa vichache, wengi wetu tulisimama. Mama mmoja wa makamo, ambaye riziki yake ni kuwafulia watu nguo, aliinuka kutoa ushuhuda. Maji yalikuwa yamemchukulia godoro, sufuria na vitabu vya watoto. Nilitazamia kilio. Badala yake mama yule alianzisha wimbo, na kanisa zima likamwitikia kwa makofi na vigelegele hata mabati yakatetemeka.

Nakiri kwamba wazo lililonijia kwanza halikuwa la heshima. Nilijiambia kuwa hili ndilo alilolinena Karl Marx mwaka wa 1844, alipoifananisha dini na kasumba. Msomaji atakumbuka kwamba kasumba, kwa maana yake ya awali, ni afyuni, yaani kitu cha kulevya. Baadaye maana hiyo ilipanuka hata tukapata usemi kama kasumba ya kikoloni: mawazo yanayomlaza mtu asione jinsi anavyodhulumiwa. Je, mama yule alikuwa amelazwa?

Jibu nilipewa kabla sijatoka mlangoni. Wimbo ulipokwisha, akina mama wa kanisa walitoa daftari lililokunjamana. Ndani yake mlikuwa na orodha ya jamaa zote zilizopoteza mali, walio waumini na wasio waumini. Watu wakachanga, huyu shilingi ishirini, yule hamsini. Mama aliyepoteza godoro alisimama tena, akatoa shilingi ishirini zake kwa ajili ya jirani aliyejifungua wiki ile ile. Kisha wakagawana zamu: nani atakwenda shuleni kuwaombea watoto vitabu, nani atamsindikiza mzee fulani kwa chifu kwa sababu kitambulisho chake kilikwenda na maji. Waliolevywa hawaweki daftari.

Turejee kwenye methali yetu. Maneno faraja na furaha husikika kama ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini mizizi yake ni tofauti: konsonanti ya mwisho ya mzizi wa neno la kwanza ni j, na ya mzizi wa la pili ni h ya kooni. Faraja ni kufunguka kwa dhiki, ni mzigo kutuliwa. Furaha ni hali ya moyo, na moyo waweza kuwa nayo hata mzigo ukingali kichwani. Methali yatuahidi kwamba faraja itakuja baadaye. Haisemi popote kwamba furaha nayo lazima ingoje.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha imani ya Kikristo katika mitaa ya watu wa hali ya chini. Waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi una sura nne tu, na aliuandika akiwa kifungoni. Hata hivyo, wito wa kufurahi unarudi ndani yake tena na tena. Paulo hakudai kwamba minyororo ni kitu chema. Alikataa tu kuiachia minyororo iamue thamani ya maisha yake. Anayeamini kwamba Mungu anamjua kwa jina hawezi kujiona takataka, hata akiishi kando ya jalala. Na asiyejiona takataka hapati taabu kumwona jirani yake kuwa mtu.

Hata hivyo, si kila shangwe ni salama. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu na watoto wao, wengi wakiwa waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Muumba. Huko pia waliahidiwa furaha. Lakini ilikuwa furaha iliyowatenga watu na jamaa zao, na shule na hospitali, ikaufanya uhai wenyewe kuwa adui. Hiyo ndiyo kasumba hasa. Kipimo basi si ukubwa wa sauti wala wingi wa machozi. Tuulize: je, furaha hii inamrudisha mtu kwa jirani yake, au inamtoroshea mbali naye?

Iko hatari nyingine, na hii ni yetu sisi tuliosoma. Tunapenda kusema kwamba maskini wana furaha zao, kisha tukarudi nyumbani tukalale vizuri. Kunradhi, huo ni ukatili uliovikwa sifa. Furaha ya mama yule haizibi mfereji, hainunui godoro, wala haimfutii kiongozi yeyote wajibu wake. Kumsifu mtu kwa uvumilivu ilhali tunaweza kumpunguzia la kuvumilia ni kumdhulumu mara mbili.

Siku ile nilikuwa nimekwenda na huruma tele mfukoni, nikaona haya ilipofika zamu yangu ya kuandikwa katika daftari. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi, mwalimu mwenzangu, utakapoifundisha tena methali ya dhiki na faraja, usiiharakishe. Waulize wanafunzi wako: kabla faraja haijafika, nani anayeshika daftari?