Vieyra: Mhimili wa sinema ya Senegal aliyesahauliwa

Wanafunzi wetu wa fasihi wanamfahamu Ousmane Sembène. Wamezisoma riwaya zake, na baadhi yao wameziona filamu zake. Lakini waulize Paulin Soumanou Vieyra alikuwa nani, na aghalabu watanyamaza, walimu wao wakiwamo. Ni kimya kisichostahili, kwa maana bila mtu huyu sinema ya Senegal haielezeki.

Vieyra alizaliwa Porto-Novo, Dahomey (Benin ya sasa), mwaka wa 1925, akapelekwa Ufaransa kusoma angali mtoto. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kuhitimu katika chuo cha sinema cha IDHEC, Paris. Hata hivyo, Amri ya Laval ya mwaka wa 1934 ilimtaka kila aliyenuia kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika aombe idhini ya serikali, na Waafrika walinyimwa. Basi mwaka wa 1955 yeye na wenzake waliielekeza kamera kwenye jiji la mtawala mwenyewe. Filamu yao fupi, Afrique-sur-Seine, yahusu maisha ya Waafrika mjini Paris.

Senegal ilipojitawala mwaka wa 1960, Vieyra aliongoza idara ya filamu za habari ya taifa hilo changa. Alitengeneza pia Une nation est née (1961), na Lamb (1963) kuhusu mieleka ya Kisenegali. Fauka ya hayo, alisimamia utengenezaji wa filamu za Sembène, ikiwamo Ceddo ya mwaka wa 1977.

Kisa cha Ceddo chatuhusu sisi wanaisimu. Filamu hiyo ilipigwa marufuku Senegal, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya tahajia! Serikali ya Rais Senghor, naye mshairi na mwalimu wa sarufi, ilishikilia kwamba neno hilo huandikwa kwa d moja. Sembène alikataa katakata kuifuta ya pili. Katika Kiwolofu, kukaza konsonanti huweza kubadili maana ya neno. Majirani zetu Waganda nao huonyesha mkazo kama huo kwa kurudufu herufi. Kwa maoni yangu, Sembène hakukosea. Wengi waliamini, nami naafikiana nao, kwamba kilichowakera wakubwa ni hadithi yenyewe: watu wanaolazimishwa kusilimu, na binti mfalme anayemuua imamu.

Ilhali wengine walibishana juu ya herufi, Vieyra alikuwa ameweka kumbukumbu. Filamu yake L'envers du décor (1981) yamwonyesha Sembène akiwa kazini, akiitengeneza Ceddo. Kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu kuhusu Sembène (1972), na kingine kuhusu historia ya sinema ya Afrika hadi mwaka wa 1973. Filamu yake ndefu ya kubuni, En résidence surveillée, ilitoka mwaka wa 1981. Alifariki mwaka wa 1987.

Msimamizi wa filamu hutafuta fedha, vibali na magari, kisha sifa humwendea mwongozaji. Juu ya hayo, Vieyra alikuwa mzaliwa wa Dahomey aliyeitumikia Senegal, na vitabu vyake viliandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu huku hatuisomi. Mwalimu atakayepata nafasi ya kuionyesha Ceddo darasani na aitangulize L'envers du décor, kisha awaulize wanafunzi ni nani aliyeishika kamera.