Umbo Lipi Halimo?

Kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota, yanayoanza kila mwisho wa Agosti pale Falcon Heights, ubavuni mwa Saint Paul, vyakula vingi huchomekwa kwenye kijiti. Kona ya hesabu iliyofunguliwa hapo mwaka 2015 nayo ikaitwa Math On-A-Stick, hesabu ya kijitini. Watoto hupanga vipande vya mbao vyenye umbo la kobe, hujaza trei kwa mayai ya plastiki ya rangi, wala hawaharakishwi.

Mwanzilishi wake, Christopher Danielson, amefundisha shuleni na katika chuo cha Normandale. Mimi nilinaswa na kitabu chake cha mwaka 2016, Which One Doesn't Belong? Kila ukurasa una maumbo manne na swali lilelile: lipi halimo? Ukitafuta orodha ya majibu, hakuna.

Chukua kalamu uchore mfano wa aina hiyo. Mraba mdogo uliopakwa rangi, umelala kwa upande wake. Mraba mkubwa wa rangi, umesimama kwa kona. Mraba mkubwa mtupu, umelala. Pembetatu kubwa ya rangi. Sasa muulize mtoto wa miaka mitano. Akisema pembetatu, kwa kuwa ina kona tatu, yuko sawa. Akisema ule mtupu, yuko sawa. Mdogo? Sawa pia. Utamu uko kwenye ule uliosimama kwa kona. Wengi watakuambia huo si mraba kabisa, ni uru la kwenye karata. Izungushe karatasi taratibu mbele ya macho yao: mraba umerudi, na uliokuwa mraba umegeuka uru! Hapo ubishi huanza, na mtoto aliyekuwa akitaja majina tu huanza kuhesabu kona na kupima pande kwa vidole.

Danielson hana subira na vitabu vya maumbo vya madukani: picha moja, jina moja, basi. Mraba huwekwa ukurasa huu na mstatili ule, kana kwamba hawana undugu, ilhali kila mraba ni mstatili. Kwake jibu si kitu bila sababu, na kazi ya mtu mzima ni kuuliza, kisha kufunga mdomo. (Hilo la pili ndilo gumu.)

Waholanzi wawili, Pierre van Hiele na mkewe Dina, walishaeleza mwaka 1957 kwamba mtoto kwanza hulitambua umbo kwa sura yake nzima. Sifa zake, pande na pembe, huja baadaye. Lakini chati nyingi za ukutani, huku Marekani na kwetu, huichora pembetatu ikiwa imekaa kitako, pande zote sawa. Iliyopinduliwa, nyembamba kama mwiba, mtoto ataionea wapi?

Nasema hivi nikijua darasa la chekechea lenye watoto themanini na mwalimu mmoja. Nani atasikiliza sababu themanini? Na mtoto wa mtaa wa Cedar-Riverside, hukohuko Minnesota, ambaye nyumbani huzungumza Kisomali au Kiswahili, akiulizwa kwa Kiingereza kwa nini kachagua umbo lile, akalizungusha tu kwa mkono bila kusema neno, mwalimu aandike nini kwenye ripoti yake?